UZI: Miji ya maji ya tiba Ulaya: dozi zilivyopangwa, mabomba yalivyoziba, chemchemi zilivyokauka

Mtunza Chemchemi

Wakuu, salaam. Kila mara mada ya miji ya maji moto ya Ulaya ikizuka humu, inaishia kwenye mstari mmoja: matajiri walikwenda kuoga, wakacheza kamari, wakarudi makwao. Mstari huo unaacha nje kazi yenyewe. Maji moto yapo sehemu nyingi duniani. Kilichoitofautisha miji hii ni ratiba, kipimo na ulinzi wa chemchemi, na hivyo vilichukua karne kadhaa kukamilika. Naanza na mji ninaoujua vizuri zaidi, Karlovy Vary, ulio magharibi mwa Cheki. Wajerumani wanauita Karlsbad. Wengine ongezeni.

Mfalme Karl IV aliupa mji huo haki zake mwaka 1370. Kwa miaka mia moja na hamsini iliyofuata, tiba ilikuwa kuoga tu, na kuoga kwenyewe kulikuwa kwa mateso. Mgonjwa alikaa ndani ya maji saa nyingi mfululizo, kumi na zaidi kwa siku, mpaka ngozi ivimbe, ipasuke na kutoa majimaji. Madaktari walitaka hivyo hasa: waliamini ugonjwa ni uchafu ulio ndani ya mwili, na ngozi ikipasuka umepata pa kutokea.

Mwaka 1522 tabibu Václav Payer alichapisha kitabu cha kwanza kuhusu maji hayo, akashauri yanywewe pia. Ushauri ulipokelewa kupita kiasi. Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wakimeza makumi ya vikombe kwa siku, wakiwa wamejifungia vyumbani kwenye joto. Aliyeweka mambo sawa ni Dk. David Becher (1725–1792). Aliyapima maji yale kikemia, akapunguza idadi ya vikombe, akaunganisha kunywa na kuoga kwa muda mfupi, kisha akatoa amri mbili ambazo zimeupa mji sura yake mpaka leo: maji yanywewe palepale yanapotoka, na anayekunywa atembee.

Hiyo amri ya kutembea ndiyo iliyojenga zile baraza ndefu za nguzo mnazoziona kwenye picha. Mvua ikinyesha mgonjwa atembee wapi na kikombe chake? Baraza ya Kinu, iliyochorwa na Josef Zítek na kujengwa 1871–1881, ina nguzo 124 na urefu wa mita 132. Ni njia ya kutembelea iliyoezekwa, yenye chemchemi kadhaa ndani yake. Bustani, njia za milimani na bendi ya asubuhi (ya Karlsbad ilianza 1835) navyo vilikuwa sehemu ya dozi.

---

Dada Mkemia

Asante mkuu kwa kuanzia kwenye kipimo. Niweke hesabu ili watu waelewe kwa nini Becher alikuwa sahihi.

Maji ya Karlovy Vary yana takriban gramu 6 za madini katika lita moja. Ndani yake kuna kama gramu 2 za bikaboneti, gramu 1.6 za salfeti, na kloridi kiasi, nyingi zikiwa zimeshikana na sodiamu. Sodiamu salfeti ndiyo chumvi ya Glauber, ndugu wa haluli tunayoijua kwenye maduka ya dawa: inavuta maji kwenye utumbo na kulainisha choo.

Sasa chukua kikombe cha mililita 200. Vikombe vitatu kwa siku ni gramu 3.6 hivi za madini yote: tumbo linafunguka taratibu, na bikaboneti inapunguza asidi tumboni, kiungulia kinatulia. Vikombe ishirini ni lita 4, yaani gramu 24. Hapo mtu anaharisha mpaka anaishiwa nguvu, na akiwa na moyo dhaifu au figo mbovu, mzigo wa sodiamu unaweza kumuua. Wagonjwa wa zamani walikuwa wakidhani kuharisha ni ushahidi kwamba ugonjwa unatoka.

Halijoto nayo ina kazi. Chemchemi kubwa, Vřídlo, inatoka ikiwa na nyuzi 73 za Selsiasi. Nyingine ndogo zinapoa njiani zikipita kwenye miamba, na kadiri maji yanavyokuwa ya baridi ndivyo yanavyobaki na kaboni dayoksaidi nyingi. Madaktari wa pale wanawapa wenye choo kigumu zile za baridi zaidi, na wenye tumbo linalouma au nyongo inayosumbua zile za moto. Ndiyo maana chemchemi zaidi ya kumi zenye madini yanayokaribiana zinaandikwa kwenye cheti kila moja kwa jina lake.

---

Kibao cha Mbao

Naomba mtu aeleze ratiba yenyewe, saa kwa saa. Na vile vikombe vyenye mdomo kwenye mpini vina maana gani?

---

Mtunza Chemchemi

@Kibao cha Mbao, kwa karne ya 19 siku ilikwenda hivi.

Kuamka saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, tumbo tupu. Foleni kwenye chemchemi aliyoandikiwa mgonjwa. Kikombe cha kwanza kwa kunywa kidogo kidogo, dakika kama kumi na tano za kutembea, cha pili, kutembea tena, cha tatu. Bendi inapiga muda wote huo. Baada ya kikombe cha mwisho hasubiri chini ya nusu saa kabla ya kula, na chai ya asubuhi ni nyepesi, bila siagi nyingi wala matunda mabichi. Mchana kuoga au kukandwa, kupumzika kitandani, kisha matembezi marefu mlimani. Jioni chakula kidogo na kulala mapema, saa tatu au nne usiku. Hivyo kwa wiki tatu mpaka nne.

Nani alikuwa anakuja? Waliokula nyama nyingi na kunywa divai mwaka mzima, wenye ini lililovimba, kisukari, jongo na unene. Wiki tatu za kulala mapema, kula kidogo, kutembea kilomita kadhaa kila siku na kuacha pombe zingemsaidia mtu wa aina hiyo hata kama kikombeni mngekuwa na maji ya mvua. Madaktari wenyewe walilijua hilo, na ndio maana walikuwa wakali juu ya ratiba kuliko juu ya maji.

Kikombe: kimebanwa ubapa ili kikae mkononi na mfukoni, na mpini wake ni bomba linaloanzia chini ya kikombe. Unafyonza kupitia mpini. Kwanza maji hayapiti juu ya meno ya mbele, kwa kuwa madini yake yanaacha utando na rangi. Pili unalazimika kunywa taratibu, maana kufyonza maji ya nyuzi 50 au 60 kwa pupa haiwezekani. Makosa ya wageni leo ni mawili: kugusisha kikombe kwenye mdomo wa chemchemi, jambo linalokatazwa kwa ajili ya usafi, na kujaza chupa ya plastiki kupeleka hotelini. Yakikaa, gesi inatoka, chuma na chokaa vinatuama chini, na unakunywa kitu kingine kabisa.

---

Fundi Bomba

Hapo kwenye kutuama ndipo penye shida yangu ya siku zote na maji haya. Watu wanasifia Vřídlo inavyoruka mita 12 hewani ikitoa kama lita 2,000 kwa dakika, hawaulizi bomba lake linaishije.

Maji yakiwa ardhini yamebanwa, kaboni dayoksaidi imeyeyuka ndani yake na inaishikilia kalsiamu. Yakifika juu shinikizo linashuka, gesi inatoroka, kalsiamu haina pa kushikamana, inaganda kuwa jiwe. Chuma kidogo kilichomo kinalipaka rangi ya kahawia. Jiwe hilo, aina ya aragonaiti, linajijenga haraka kiasi kwamba wenyeji wanatumbukiza maua ya karatasi kwenye maji ya Vřídlo na baada ya siku kadhaa wanayauza yakiwa mawe. Ua linapendeza. Bomba linaziba.

Kwa hiyo kazi ya fundi wa pale ni ya kudumu: kukwangua mabomba na kuvizibua visima kwa kuchimba upya ndani kabla havijabana. Ukichelewa, maji yanatafuta njia nyingine, yanapasua ganda la mawe lililo chini ya mji na kuibukia mtoni au chini ya jengo la mtu. Limewahi kutokea zaidi ya mara moja katika historia ya mji ule.

Kwa wenye kutaka kuliona jambo hilohilo karibu: Songwe, Mbeya. Yale mawe yanayochimbwa pale kama marumaru yameachwa na chemchemi moto kwa njia hiyohiyo, gesi kutoka na chokaa kuganda. Anayefikiria kuvuta maji yale kwa bomba la inchi mbili mpaka kwenye hodhi la hoteli ajue kabisa bomba hilo litajaa jiwe. Inatakiwa mfereji wa wazi unaofikika kwa kukwangua, au bomba pana la vipande vifupi vinavyofunguka.

---

Kisiwani Kwetu

Tuhamie Baden-Baden, Ujerumani, kidogo, kwa sababu pale kamari na tiba viliingiliana waziwazi.

Katikati ya karne ya 19 mji ule uliishi kwa kasino. Jacques Bénazet aliichukua mwaka 1838, na pesa za meza zikalipa bustani, muziki na majengo. Baada ya Ujerumani kuungana, kamari ikapigwa marufuku mwishoni mwa 1872. Mji uliona hilo likija, ukaamua kuweka pesa kwenye bafu kubwa kuliko yote: Friedrichsbad, lililofunguliwa 1877. Kasino ilikuja kurudi 1933, bafu halijawahi kupoteza sifa yake.

Utaratibu wake unaunganisha hewa kavu ya moto ya Kirumi, iliyofufuliwa na daktari wa Ireland Richard Barter, na maji ya chemchemi. Kuna hatua 17, na mpangilio hauchezewi. Kwa kifupi:

Unaoga kwanza kwa bomba la manyunyu. Chumba cha hewa kavu nyuzi 54, dakika 15. Chumba cha pili nyuzi 68, dakika 5 tu. Unaoga tena. Unasuguliwa kwa sabuni na brashi. Kisha mvuke wa chemchemi nyuzi 45 kwa dakika 10, na mwingine nyuzi 48 kwa dakika 5. Ndipo mahodhi, yanayoshuka hatua kwa hatua: nyuzi 36, 34, 28, na la mwisho 18. Taulo lenye joto, mafuta, nusu saa ya kulala ukiwa umefunikwa blanketi kwenye chumba chenye giza.

Angalieni namba zile. Mtu anavumilia nyuzi 68 kwenye hewa kavu lakini kwenye mvuke hapelekwi zaidi ya 48. Hewa kavu inalikausha jasho mara linapotoka, na kukauka kwa jasho kunapoza ngozi. Kwenye mvuke jasho halikauki, joto lote linabaki mwilini. Hoteli nyingi zinazoiga zinakosea hapa: zinaanza na mvuke, kisha zinampeleka mgeni kwenye hewa kavu, mwisho anatumbukia kwenye maji ya barafu bila kushushwa taratibu. Shinikizo la damu linapanda na kushuka kwa ghafla, mtu anaanguka kwenye ngazi za hodhi.

---

Mzee wa Ramani

Mnasahau siasa, wanangu. Wakuu wa nchi walikuwa wakikaa pamoja wiki tatu bila itifaki ya ikulu, na maamuzi makubwa yakapitia huko. Maazimio ya Karlsbad ya 1819, yaliyobana magazeti na vyuo vikuu vya Kijerumani chini ya Metternich, waziri wa Austria. Plombières, 1858: Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, na Cavour, waziri mkuu wa Piedmont ya Italia, walipanga vita dhidi ya Austria. Bad Ems, Julai 1870: balozi wa Ufaransa alimfuata mfalme Wilhelm wa Prussia kwenye matembezi yake ya asubuhi, Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, akaikatakata telegramu ya mazungumzo hayo kabla ya kuitoa magazetini, na ndani ya siku sita Ufaransa ikatangaza vita.

Na si wakuu tu. Karl Marx alikwenda Karlsbad 1874, 1875 na 1876 kwa sababu ya ini.

---

Dada Mkemia

Shikamoo mzee. Nirudi kwenye tiba, kuna aina tatu hazijaguswa na kila moja ina hatari yake.

Bafu la gesi. Mariánské Lázně, jirani wa Karlovy Vary, una chemchemi za baridi zenye kaboni dayoksaidi nyingi. Mgonjwa anakaa kwenye maji ya nyuzi 33 au 34, ambayo kwa kawaida yangempa ubaridi, lakini vipovu vikigusa ngozi mishipa midogo inapanuka, ngozi inakuwa nyekundu na mtu anasikia joto. Moyo unapata nafuu kwa sababu damu inapita kwa wepesi zaidi. Hatari: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inakaa juu ya maji na sakafuni. Kichwa lazima kiwe juu sana ya ukingo, birika la kuogea hufunikwa shuka mpaka mabegani, na matundu ya kutolea hewa huwekwa chini ukutani. Feni ya kwenye dari haisaidii.

Bafu la tope. Františkovy Lázně, ulioanzishwa 1793, ulijipatia jina kwa tope jeusi la kinamasi, mabaki ya mimea yaliyooza kwa maelfu ya miaka pamoja na madini. Linasagwa, linachanganywa na maji ya chemchemi mpaka liwe uji mzito, linapashwa hadi nyuzi 38 au 40, mtu anakaa dakika 15 mpaka 20. Faida yake kubwa ni ya kifizikia: maji ya kawaida yanazunguka na kukupa joto lote mara moja, uji mzito hauzunguki, kwa hiyo joto linaingia polepole na kwa muda mrefu. Viungo vyenye baridi yabisi vinalegea. Mabirika yalikuwa ya mbao kwa kuwa tope hilo lina asidi na linakula chuma. Katika Bafu la Kifalme la Karlsbad (1895) mabirika yaliyojaa tope yalipandishwa kwa lifti hadi kwa mgonjwa, maana ni mizigo mizito sana kubeba kwa mikono.

Tatu, radoni, gesi yenye mionzi. Jáchymov, mji wa mgodi ambao madini yake yalitumiwa na wanasayansi akina Curie kugundua elementi ya radiamu mwaka 1898, ulianza mabafu ya radoni 1906. Gesi hiyo inapungua nusu kila baada ya siku 3.8 na inatoroka maji yakitikiswa. Kwa hiyo birika hujazwa kutokea chini, bila kumwaga, na mgonjwa anatulia dakika 20 bila kujisugua. Wengi wa wenye maumivu ya viungo wanasema wanapata nafuu ya miezi. Lakini tuseme wazi: radoni ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya mapafu, na huko inatolewa kwa cheti cha daktari, kwa kozi yenye ukomo. Asitokee mtu humu kuuza maji ya radoni kama ya kuongeza nguvu.

---

Mwana wa Pwani

Kuna ushahidi wowote wa kisayansi kwamba kuoga tu kulitibu kitu? Au yote ni kupumzika?

---

Dada Mkemia

@Mwana wa Pwani, upo mfano ninaoupenda sana, wa Bath, Uingereza. Hospitali ya pale ilifunguliwa 1742 na iliweka kumbukumbu za kila mgonjwa. Miongoni mwa waliotoka na nafuu walikuwemo wengi waliopooza mikono na miguu kwa sumu ya madini ya risasi: wapaka rangi, mafundi bomba, na wanywaji wa pombe ya tufaha ya Devon iliyokamuliwa kwenye mashine zenye risasi, jambo alilolibaini daktari George Baker mwaka 1767.

Nafuu ilitoka wapi? Ukizama mpaka shingoni, uzito wa maji unasukuma damu ya miguuni kwenda kifuani, kama mililita 700. Moyo unaona damu imezidi, figo zinapewa ishara ya kupunguza, unakojoa sana. Vipimo vya karne ya 20 vilionyesha kwamba risasi nayo inatoka zaidi kwenye mkojo mtu akizamishwa hivyo. Ongeza kwamba mgonjwa aliyelazwa Bath kwa miezi alikuwa mbali na rangi na mbali na pombe yake. Kwa hiyo kuzama mpaka shingoni, kwa muda mrefu, kila siku chache, kulikuwa tiba halisi ya ugonjwa huo. Kukaa kwenye hodhi la kina cha goti hakufanyi kitu hicho.

---

Fundi Bomba

Bath hiyohiyo ina somo la upande wa pili. Maji yake yanatoka na nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, na Warumi waliyajengea. Mwaka 1978 msichana alifariki baada ya kuogelea pale: amiba wa maji ya uvuguvugu aliingia kupitia puani akafika kwenye ubongo. Amiba huyu ukimmeza hakudhuru, njia yake ni pua. Kuoga kwa umma kukafungwa. Uchunguzi ulionyesha maji yalikuwa yanachafuka karibu na juu, kwenye miamba na matabaka ya zamani. Dawa ikawa kuchimba visima vipya vinavyokamata maji chini zaidi kabla hayajagusana na uchafu huo. Wananchi walikuja kuoga tena kwenye maji yale 2006, katika jengo jipya. Ndani ya hodhi la Kirumi, lile la kijani mnaloliona kwenye picha, hakuna anayeruhusiwa kuingia.

Na Teplice, kaskazini mwa Bohemia, huko huko Cheki. Februari 1879 wachimba makaa ya mgodi wa Döllinger, kilomita kadhaa kutoka mjini, walitoboa mwamba wenye maji. Mgodi ukafurika. Siku chache baadaye chemchemi kuu ya Teplice ikakauka: maji yalikuwa yameingia mgodini. Mji mzima uliishi kwa chemchemi hiyo. Walichimba kuyafuata maji chini, wakayapata, na toka hapo ikabidi yavutwe kwa pampu. Tukio hilo ndilo linalotajwa kila mahali watu wanapoeleza kwa nini chemchemi inahitaji eneo la ulinzi, la ndani ambapo huchimbi hata msingi wa nyumba, na la nje ambapo kisima chochote kirefu kinaombewa kibali. Mwenye chemchemi asiyekuwa na mamlaka juu ya ardhi ya jirani hana chemchemi.

---

Kibao cha Mbao

Kuna tiba yoyote kati ya hizi ambayo mtu anaweza kuifanya nyumbani bila chemchemi?

---

Mtunza Chemchemi

Ipo, na ilitoka kwa watu ambao hawakuwa na maji ya madini kabisa. Vincenz Priessnitz (1799–1851), mkulima wa Gräfenberg huko Silesia, alitumia maji baridi ya mlimani: mashuka mabichi, maporomoko ya maji kutoka juu, mkate mweusi, na kazi ya kupasua kuni. Padri Sebastian Kneipp (1821–1897) wa Wörishofen, Bavaria, akailainisha na kuiandikia kitabu mwaka 1886.

Kukanyaga maji kwa njia ya Kneipp: maji yasizidi nyuzi 18, kina cha chini kidogo ya goti. Miguu lazima iwe na joto kabla ya kuingia. Ikiwa ya baridi, tembea kwanza. Kila hatua unyanyue mguu mzima utoke nje ya maji. Toka pale ubaridi unapoanza kuuma, kwa kawaida nusu dakika mpaka dakika moja. Usijifute kwa taulo: kung'uta maji kwa viganja, vaa soksi, tembea mpaka miguu ipate moto. Miguu isipopata moto ndani ya dakika chache, ulikaa sana. Mwenye maambukizi ya mkojo, mwanamke aliye katika siku zake na mwenye mishipa ya miguu iliyoziba waache.

Kwa Dar au Mombasa tatizo ni kwamba maji ya bomba hayafiki nyuzi 18. Tia barafu kwenye beseni na tumia kipimajoto. Maji ya nyuzi 27 hayaamshi mishipa.

Kanda ya Priessnitz: kitambaa cha pamba kilichoroweshwa maji baridi na kukamuliwa mpaka kisidondoke, kinafungwa kwenye goti au koo, juu yake kitambaa kikavu kipana zaidi, kisha cha sufu. Hakuna plastiki. Ndani ya dakika chache kinatakiwa kigeuke kuwa cha moto. Ukiona bado baridi baada ya robo saa, kitoe.

---

Kisiwani Kwetu

Niunganishe na bahari yetu kidogo. Vichy, Ufaransa, ulivuma sana baada ya Napoleon III kuanza kwenda kuanzia 1861. Maji yake yana bikaboneti ya sodiamu nyingi, ya chemchemi ya Célestins kama gramu 3 kwa lita. Sifa hiyo ya kutibu ini iliufanya uwe kituo cha maofisa wa makoloni: malaria ya mara kwa mara, ini na bandama vimevimba, likizo inapatikana, wanapelekwa Vichy. Na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, Wafaransa walitafuta Vichy ndogo huku huku: Cilaos kisiwani Réunion, na Antsirabe nyanda za juu za Bukini (Madagaska), mji ulioanzishwa na wamisionari wa Norwe 1872. Hoteli ya maji moto ya Antsirabe ndipo Sultani Mohammed V wa Moroko alipokaa uhamishoni, 1954 mpaka 1955.

Kitabibu, bikaboneti haimgusi mdudu wa malaria. Kilichosaidia ni nyanda za juu zenye baridi na mbu wachache, chakula, na kutoambukizwa upya. Na hoteli nyingi za Vichy zilikuja kutumika kwa jambo lisilohusu tiba hata kidogo: 1940, Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani, serikali ya Pétain ilihamia pale kwa sababu kulikuwa na vyumba vya kutosha wizara zote na mtambo wa simu wa kisasa.

---

Mwana wa Pwani

Basi na sisi si tunazo? Bogoria, Manyara, Songwe. Kwa nini tusiweke vikombe na baraza kama wao?

---

Dada Mkemia

Kuoga, panawezekana, baada ya kupoza na kupima vijidudu, na ukitenga eneo: Bogoria maji yanatoka karibu na kuchemka, watu wameungua pale. Kunywa, hapana. Maji ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi moto nyingi za bonde zinakipita kwa mbali. Matokeo yake tunayaona kwenye meno ya kahawia na mifupa iliyopinda ya watoto wa sehemu za Arusha. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na floridi inabaki.

Mwenye mradi apeleke sampuli maabara kwanza, akitaka hivi: floridi, aseniki, sodiamu, salfeti, bikaboneti, chuma, radoni, na halijoto ipimwe palepale kwenye mdomo wa chemchemi. Sampuli mbili, ya kiangazi na ya masika. Zikitofautiana sana, maana yake maji ya mvua yanaingia kwenye chemchemi, na uchafu wa juu unaingia nayo.

---

Fundi Bomba

Naongeza: pima na wingi wake kwa mwaka mzima kabla ya kumwaga zege. Ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi vinatosha kwa chemchemi ndogo. Sekunde ngapi kujaa, mara moja kwa wiki, andika kwenye daftari.

---

Kibao cha Mbao

Swali la mwisho kwangu: leo nani analipa huko Ulaya?

---

Mtunza Chemchemi

Inategemea nchi. Ufaransa bima ya taifa inachangia kozi ya siku 18 za matibabu ndani ya wiki tatu, mara moja kwa mwaka kwa ugonjwa husika, kwa cheti cha daktari na kwenye kituo kilichosajiliwa. Ukikatiza katikati bila sababu ya kitabibu, unaweza kunyimwa malipo. Cheki bima inalipa yote au sehemu, kulingana na ugonjwa. Ujerumani wiki tatu za kurejesha afya zinaombwa kwa bima au mfuko wa pensheni. Mgeni wa kawaida analipa mwenyewe, pamoja na ushuru wa mgeni kwa kila usiku, unaotozwa na mji ili kutunza bustani, bendi na hizo baraza.

Miji 11 kati ya hii, katika nchi 7, iliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2021: Karlovy Vary, Mariánské Lázně, Františkovy Lázně, Baden-Baden, Bad Ems, Bad Kissingen, Baden karibu na Vienna, Spa ya Ubelgiji, Vichy, Montecatini Terme na Bath. Anayeijua Montecatini au Budapest vizuri aendelee hapo chini, hasa mabafu ya Waturuki ya Budapest, maana hatujayagusa kabisa.